Tingatinga na somo la kutazama

Ukimtajia mkazi wa Voi neno tingatinga, litakalomjia kwanza akilini ni lile jitu la chuma ling'oalo visiki na kusawazisha barabara. Ukilitaja neno hilo hilo mbele ya wapenzi wa sanaa wa Tokyo au London, watakuonyesha picha: chui mwenye madoa makubwa kupita kiasi, ndege mwenye shingo ndefu kuliko mwili, na nyuma yao rangi moja tupu ing'aayo kama sahani iliyooshwa sasa hivi. Ni wachache, huku kwetu na huko kwao, wanaokumbuka kwamba Tingatinga lilikuwa kwanza jina la mtu, na kwamba mtu huyo alikufa angali kijana, baada ya kushika brashi kwa muda wa miaka minne tu.

Nimeonelea leo nisimulie maisha yake kwa sababu moja inayotuhusu sisi watu wa Taita Taveta. Kandokando ya barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, na karibu na malango ya mbuga ya Tsavo, vijana wetu huwachorea watalii ndovu, twiga na jua la machweo. Mikono yao ni mahodari. Lakini ukizitazama picha kumi utadhani umeitazama moja, na ukiwauliza wamejifunza wapi, watakuambia kwamba huo ndio mtindo wa Tingatinga. Hapo ndipo ninapoona haja ya kuuliza: je, huo kweli ndio mtindo wake? Mtu huyo alituachia nini hasa, wanyama au namna ya kutazama?

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika kijiji cha Namochelia, wilayani Tunduru, kusini mwa Tanganyika. Baba yake alikuwa Mngindo na mama yake Mmakua. Jina lake lenyewe lilikuwa mkutano wa njia: Edward la Kikristo, Saidi la Kiislamu, na Tingatinga la ukoo. Elimu yake ya darasani ilikuwa ya miaka michache. Hakuna chuo cha sanaa kilichomwona, wala hakuna bwana mkubwa wa uchoraji aliyemshika mkono na kumwonyesha jinsi ya kuchanganya rangi.

Katikati ya miaka ya 1950, kama walivyofanya vijana wengi wa kusini, aliondoka kwao akaenda Tanga kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge. Zama hizo Tanganyika ilikuwa ikiongoza dunia nzima kwa kuuza katani, na vibarua waliosombwa kutoka mikoa ya mbali wakiitwa manamba, kwa kuwa walihesabiwa kwa namba kabla ya kuitwa kwa majina. Kazi ya kukata mkonge haihitaji kuelezwa kwa watu wa Mwatate na Taveta, kwani miiba yake tunaijua. Lakini shamba la mkonge lina jambo jingine ambalo msomaji wa kwetu analijua hata kama hajawahi kulitafutia jina. Panda basi kutoka Voi kwenda Mwatate, keti dirishani, uitazame ile mistari ya mkonge. Kwa dakika nzima huoni ila vurugu ya majani. Halafu ghafla mistari hufunguka kama mlango, unaona hadi mwisho wa shamba, kisha hujifunga, na mingine hufunguka. Shamba zima huonekana likizunguka kama gurudumu la baiskeli, na hali halijasogea hata shubiri moja. Kinachosogea ni wewe. Macho yamekuambia uongo, na uongo huo ni mzuri kuutazama.

Sisemi kwamba Tingatinga alijifunza kuchora kutokana na mistari ya mkonge. Hilo hakuna awezaye kulithibitisha. Nasema tu kwamba miaka yake ya ujana aliipitisha katika mandhari ambayo humlazimisha mtu atambue kwamba kuona ni kazi inayofanyika ndani ya kichwa, wala si dirisha lililo wazi tu.

Mwaka 1959 alihamia Dar es Salaam. Huko alipata kazi ya utumishi wa nyumbani na bustani kwa Mwingereza mmoja aliyekuwa mtumishi wa serikali. Uhuru ulipokuja mwaka 1961 na wakoloni wakaanza kufunga virago, watumishi wao nao walibaki wakitafuta riziki upya. Tingatinga alifanya vibarua vya hapa na pale, akajishughulisha na biashara ndogo ndogo, na baadaye akapata kazi katika Hospitali ya Muhimbili. Alipenda pia muziki. Kwa ufupi, alikuwa mmoja wa maelfu ya watu wa mji ule waliokuwa wakiamka asubuhi bila kujua jioni watakula nini.

Ilikuwa mwaka 1968 alipoanza kuchora. Turubai na rangi za wasanii zilikuwa ghali na nadra, basi akatwaa alichokuwa nacho fundi wa kawaida: ubao mwembamba wa dari, uliokatwa mraba, na rangi ya kung'aa ya mikebe, ile ile inayopakwa baiskeli na milango. Picha alizianika nje huko Oyster Bay, karibu na duka la Morogoro Stores, mahali walipokuwa wakipita Wazungu na wageni wa balozi. Watu wakanunua. Aliyekuwa akiuza picha moja leo akapata ubao na mkebe wa picha mbili za kesho.

Wataalamu wamebishana sana juu ya chimbuko la mtindo wake. Wako wasemao kwamba aliziona picha za wachoraji wa Kongo zilizokuwa zikiuzwa Dar es Salaam, akajiambia kwamba hata yeye anaweza. Wengine huzitaja kuta za nyumba za Kimakua zilizonakshiwa kwa udongo wa rangi. Wengine huwataja Wamakonde, ambao wakati huo walikuwa wakichonga mashetani ya mpingo, viumbe ambao jicho moja liko mgongoni na mkono umeota tumboni. Mimi sioni kwa nini tulazimike kuchagua chanzo kimoja na kuvitupa vingine. Mji wa Dar es Salaam ulikuwa soko la mitindo, na mtu mwenye macho hupita sokoni na kapu. La ajabu ni kwamba vyote alivyovichukua viliyeyuka mikononi mwake vikawa kitu kimoja ambacho hapo awali hakikuwapo.

Hebu sasa tuitazame picha yenyewe, maana hapa ndipo penye kiini cha neno langu. Kwanza, nyuma ya mnyama mara nyingi hapana kitu. Hapana upeo wa macho, hapana mlima wa mbali, hapana kivuli. Pana rangi moja iliyotandazwa ubao mzima. Pili, mnyama mwenyewe mara nyingi husimama kwa ubavu, lakini uso wake umegeuka kukukabili, kana kwamba wewe mtazamaji ndiwe uliyefika bila kubisha hodi. Tatu, madoa ya chui au ya kanga hayafuati mviringo wa mwili. Yametawanywa bapa, kama nakshi za kitambaa, hata ukikodoa macho kwa muda yanaanza kuelea juu ya ngozi, na mnyama anapotea, yanabaki madoa peke yake yakicheza. Nne, rangi ile ya mikebe inameta. Ukisogea hatua moja kushoto, mwanga wa dirisha unahama juu ya picha na picha inabadilika.

Je, hizo zote ni dosari za mtu asiyesoma? Hivyo ndivyo walivyodhani wengi waliomwita msanii wa kitoto. Nionavyo mimi, mtu aliyekuwa akitaka tu kuonyesha chui alivyo angejitahidi kumpa kivuli na manyoya. Tingatinga alichagua jambo jingine: alitaka kujua ni kiasi gani cha chui kinachoweza kuondolewa na bado macho yetu yakasema, huyu ni chui. Hilo ni swali la uchoraji wa dhahania, ule uchoraji ambao rangi, mstari na umbo huachwa viseme vyenyewe bila kulazimishwa kufanana na kitu.

Najua neno dhahania huwatisha wasomaji. Wengi hulihusisha na picha za Ulaya zilizojaa madoa yasiyo kichwa wala miguu. Lakini tukumbuke mambo yalivyokwenda. Wassily Kandinsky, Mrusi aliyefariki mwaka 1944, alikuwa miongoni mwa waliothubutu mapema kuacha kabisa kuchora vitu. Paul Klee wa Uswisi alikwenda Tunisia mwaka 1914, na mwanga wa Afrika ukamgeuza akawa mtu wa rangi. Pablo Picasso naye aliguswa na vinyago vya Afrika alivyoviona Paris mwaka 1907. Josef Albers, Mjerumani aliyehamia Marekani, aliandika kitabu mwaka 1963 kuonyesha kwamba rangi moja ile ile, ikiwekwa juu ya nyeusi na kisha juu ya njano, jicho huiona kama rangi mbili tofauti. Na mwaka 1965, pale New York, yalifanyika maonyesho makubwa ya picha za mistari na miraba iliyopangwa kwa hesabu hata ikaonekana kutetemeka na kuvimba mbele ya mtazamaji. Walikuwa wakiuliza swali moja: jicho huona nini, na akili huongeza nini?

Miaka mitatu tu baada ya maonyesho hayo, mtu aliyetoka Tunduru kwa njia ya mashamba ya katani aliketi kivulini Dar es Salaam na mkebe wa rangi ya baiskeli, akaligusa swali lile lile bila kujua kwamba linaulizwa kwingine. Wao walikuwa na vitabu na vyuo. Yeye alikuwa na haja ya kuuza picha kabla ya jua kutua. Simlinganishi nao ili nimpatie cheo cha Kizungu. Nataka tu msomaji aone kwamba akili ya mwanadamu haina forodha.

Na sisi wa Voi tuna ushahidi wetu wa nyumbani. Muulize mtoto wa mjini Nairobi rangi ya ndovu, atakujibu kijivu. Mpeleke Tsavo Mashariki, atamwona ndovu mwekundu kama tofali, kwa sababu ndovu wa Tsavo hujimwagia vumbi na tope la udongo wetu mwekundu hata wakafanana na ardhi wanayoikanyaga. Mvua ikinyesha na kuwaosha, hubadilika tena. Sasa ndovu ana rangi gani? Tena itazame milima ya Taita kutoka bondeni asubuhi: ni ya buluu. Panda hadi Wundanyi, buluu imetoweka, pamebaki kijani cha migomba na mahindi. Mlima haukubadilika. Kilichobadilika ni umbali na hewa iliyo katikati. Ndovu wa bluu au wa waridi anayechorwa na mtu mwenye macho si mwongo kuliko ndovu wa kijivu wa kwenye kitabu cha shule.

Wala dhahania si mgeni katika nyumba zetu. Kabla ya jina la Tingatinga kujulikana, mama zetu wa Kitaita walikuwa wakisuka vikapu vya nyuzi, duru juu ya duru, wakipanga mistari na pembe za rangi hadi kapu likaonekana kuzunguka hata likiwa limetua mezani. Hakuna mnyama ndani ya kapu hilo, wala mti, wala jua la machweo. Ni rangi na hesabu tupu. Msukaji anajua kwamba uzi mwekundu ukikaa kando ya mweusi utawaka, na ukikaa kando ya kahawia utafifia. Anajua hivyo kwa vidole vyake. Mbona basi tunamwita mwanawe mwehu akijaribu kufanya hivyo kwa brashi?

Turudi kwa mtu wetu. Umaarufu ulianza kumjia. Shirika la serikali lililoshughulika na sanaa za taifa likaanza kununua kazi zake, na kwa mara ya kwanza akawa na uhakika wa kipato. Alimwoa Agatha Mataka mwaka 1970. Akawaita ndugu na jamaa wa kwao waje wajifunze: January Linda, Adeusi Mandu, Casper Tedo, Abdallah Ajaba na Simon Mpata. Aliwafundisha jinsi fundi wa kijijini afundishavyo, mkono kwa mkono, aliyejua akimwonyesha asiyejua. Hakuficha siri ya rangi yake, kwa kuwa hakuwa na siri ila bidii.

Mwaka 1972 mambo yalikatika. Akiwa Dar es Salaam usiku, polisi walimpiga risasi wakimdhania mhalifu. Hakuwa mhalifu. Alikuwa na umri wa miaka 40 hivi, mume na baba, na hesabu ya miaka yake ya uchoraji haikuzidi vidole vya mkono mmoja. Kila ninapofikiri juu ya kifo hicho hushangazwa na kejeli yake chungu: mtu aliyetumia uhai wake kuwafundisha wenziwe kwamba macho hudanganyika, aliuawa na macho yaliyodanganyika gizani. Jambo hilo halina faraja, nami sitalitafutia.

Wanafunzi wake hawakutawanyika. Waliendelea kuchora, wakafundisha wengine, na mwaka 1990 ushirika wa sanaa wenye jina lake ukaundwa Dar es Salaam. Simon Mpata alivuka mpaka akaja kufanya kazi Kenya, akajulikana hadi Japani. Jina la mtu likawa jina la mtindo, na mwaka 2010 watoto wa nchi nyingi waliona katuni za televisheni zilizochukua sura na jina kutoka katika picha hizo. Familia nyingi zimelishwa na kusomeshwa kwa urithi huo, nami nitakuwa wa mwisho kuubeza.

Lakini urithi una hatari zake. Mtalii akipenda picha ya twiga watatu chini ya mbuyu, wachoraji 20 watachora twiga watatu chini ya mbuyu. Mwaka unaofuata watakuwa 200. Elimo Njau, mzaliwa wa miteremko ya Kilimanjaro ambao watu wa Taveta huuona kila siku, mwasisi wa jumba la sanaa la Paa ya Paa lililoanzishwa Nairobi mwaka 1965, kwa miaka mingi aliwaonya wasanii juu ya maradhi hayo ya kunakili. Tingatinga alichanganya mitindo mingi akapata mmoja. Wanaomnakili wanauchukua mmoja na kuugawanya vipande vingi visivyo na uhai. Yeye aliangalia, wao wanaangalia alichokiangalia.

Najua nitajibiwa kwamba tumbo halina likizo. Kijana mwenye mtoto mgonjwa nyumbani hawezi kufanya majaribio ya rangi huku mtalii akimtaka ndovu wa kawaida. Hoja hiyo ni ya haki, na anayeipuuza hajawahi kulala njaa. Hata hivyo yafaa tukumbuke kwamba Tingatinga hakuwa tajiri aliyejiburudisha. Njaa ilikuwa jirani yake. Kama angenakili picha za Kongo zilizokuwa zikiuzika wakati ule, pengine angekula siku hiyo, na leo hakuna ambaye angelijua jina lake, wala wajukuu wa wanafunzi wake wasingekuwa na mtindo wa kuwalisha. Ushauri wangu basi ni wa mtu anayejua bei ya unga: chora tisa za soko ule, na ya kumi uichore kwa macho yako mwenyewe.

Lakini ya kumi haitatoka kwa kijana peke yake. Katika miaka ya mwanzo ya mfumo wa 8-4-4, sanaa na ufundi vilitahiniwa katika mtihani wa darasa la nane. Baadaye somo hilo liliondolewa kwenye mtihani, na kila mwalimu anajua kwamba kisichotahiniwa hugeuka kipindi cha kumalizia hesabu. Kizazi kizima kikakua bila kufundishwa kutazama. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019, umeirudisha sanaa darasani. Ni jambo jema kwenye karatasi. Itakuwa jema kwa kweli siku mwalimu wa Mwatate atakapowatoa watoto nje, awaonyeshe mistari ya mkonge, awaambie wasichore mkonge bali wachore kule kuzunguka. Siku mwalimu wa Wundanyi atakapomwalika bibi msukaji aketi mbele ya darasa na kapu lake. Na siku mzazi wa Voi atakapoletewa picha ya ndovu wa rangi ya tofali asiulize kwa nini hakupakwa kijivu.

Wakuu wa kaunti nao wanaweza kusaidia kwa gharama ndogo. Voi ni njia panda: reli ya zamani, reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017, barabara ya Mombasa, barabara ya Taveta. Watu wa kila namna hupita hapa wakikimbilia kwingine. Chumba kimoja chenye kuta safi na mwanga wa kutosha, ambamo kazi za vijana na vikapu vya akina mama vitatundikwa ukuta mmoja, kingewapa wapitaji hao sababu ya kusimama, na kingewapa vijana wetu mahali pa kutundika ile picha ya kumi.

Edward Saidi Tingatinga alipewa miaka minne, ubao wa dari na mkebe wa rangi ya baiskeli. Vijana wa Taita Taveta wana ardhi nyekundu, milima ya buluu, ndovu wanaobadilika rangi mvua ikinyesha, na mama wanaojua hesabu ya uzi. Hawajapungukiwa na cha kutazama.